Kitanzi
Neno kitanzi, ambalo huku Vigwaza mtega ndege hulifahamu kabla ya mwanamuziki, lastahiki kuazimwa na mafundi wa singeli, warithi wa mchiriku na vinanda vyake vidogo vya Casio, ambao hukata kipande kifupi cha lahani, aghalabu cha taarabu, wakakiunga ncha kwa ncha, wakakirudia pasipo ukomo na kukikimbiza hata kikapita mapigo 200 kwa dakika. Wako wapendeleao istilahi ya mzunguko. Mimi siiafiki, maana gurudumu nalo huzunguka lisimnase mtu. Asiyesadiki na asikilize Sounds of Sisso, mkusanyo wa studio ya Mburahati uliotoka mwaka 2017, ambamo vitanzi vya namna hiyo vimepangwa tabaka juu ya tabaka.