Milipuko ya Jua na athari zake kwa mitambo: eneo la Nyumba ya Mungu

Mlipuko wa Jua ni kufyatuka kwa ghafla kwa nishati ya sumaku iliyojikusanya juu ya uso wa Jua, aghalabu penye madoa meusi. Nishati hiyo hutoka kama mwanga, miale ya eksirei na mawimbi ya redio, na hufika duniani baada ya dakika 8 na sekunde 20 hivi. Kwa kufuata nguvu ya eksirei zake, milipuko hupangwa katika madaraja A, B, C, M na X, kila daraja likilizidi lililotangulia mara 10. Makala hii inaangalia zaidi Bwawa la Nyumba ya Mungu na Milima ya Pare, kaskazini mwa Tanzania. Maelezo mengi ya somo hili yaliandikwa kwa ajili ya Kanada na Skandinavia, nayo yakiletwa Upare bila kupimwa upya hutisha watu pasipo sababu na kunyamazia mahali penye athari yenyewe.

Mambo mawili huchanganywa sana magazetini. Mlipuko wenyewe ni mnururisho: unakuja kwa kasi ya mwanga, unapiga upande wa dunia wenye mchana tu, na athari yake huisha kwa dakika au saa chache. Dhoruba ya sumaku ni jambo jingine. Huletwa na wingu la utegili, yaani gesi yenye chaji za umeme, ambalo Jua hulitupa angani mara nyingi pamoja na mlipuko mkubwa. Wingu hilo huchukua kati ya saa 15 na siku tatu kufika, na likifika hutikisa ugasumaku wa dunia nzima, usiku na mchana.

Saa na mahali. Kwa mlipuko, swali la kwanza ni Jua lilikuwa wapi angani. Tarehe 6 Septemba 2017 ilitokea milipuko miwili mikubwa. Wa kwanza, wa X2.2, ulifika kileleni saa 6:10 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, Jua likiwa utosini mwa Ogaden na limeinama kidogo tu kutoka utosi wa Upare. Wa pili, wa X9.3, ulikuja saa 9:02 alasiri. Huko Karibi, ambako siku hiyo kimbunga Irma kilikuwa kinavunja visiwa, waokoaji walipoteza mawasiliano ya redio kwa saa kadhaa. Afrika nayo ilikuwa chini ya miale ileile. Kinyume chake, mlipuko mkubwa kuliko yote tangu vipimo vya setilaiti vianze, uliokadiriwa kuwa X28, ulitokea tarehe 4 Novemba 2003, saa 4:50 usiku kwa saa zetu. Upande huu wa dunia ulikuwa gizani, na anga ya juu ya Pare haikuguswa na eksirei zake.

Bwawa liko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwake mara mbili kwa mwaka, katika nusu ya kwanza ya Machi na siku za mwanzo za Oktoba. Mlipuko ukiangukia mchana wa siku hizo, eksirei huingia wima, na mahali penye Jua utosini ndipo redio huathirika kuliko kwingine kokote.

Simu za upepo. Kabla ya minara ya simu za mkononi, mawasiliano ya mbali katika wilaya kama Same yalitegemea redio za masafa mafupi: ofisi za serikali, hospitali za misheni, askari wa wanyamapori, na marubani wa AMREF, shirika lililoanza mwaka 1957 kama madaktari warukao. Masafa mafupi huvuka milima kwa sababu mawimbi yake hupanda hadi kwenye ionosfera, tabaka la anga lenye chaji za umeme, kisha hurudishwa chini. Mlipuko wa Jua huongeza chaji katika sehemu ya chini kabisa ya tabaka hilo, kati ya kilomita 60 na 90 juu ya ardhi, na sehemu hiyo huyameza mawimbi badala ya kuyapitisha.

Kinachomchanganya mwendesha mitambo ni namna redio inavyonyamaza. Pamoja na sauti ya mwenzake, hata ule mvumo wa kawaida wa masafa hupotea, kwa sababu mvumo huo nao huja kwa njia ya ionosfera. Redio husikika kama iliyokufa. Mtu hukagua betri, hutikisa waya wa antena, hufungua mfuniko, na nusu saa baadaye sauti zinarudi zenyewe. Aliyezoea huhamia masafa ya juu zaidi, kwani hayo ndiyo humezwa kidogo na kurejea mapema. Masafa ya chini hurudi mwisho. Redio za FM na zile za mkononi za polisi na hifadhi, kama zinazotumika Mkomazi, hazitegemei ionosfera na hazidhuriki hivyo.

GPS na anga ya jioni. Hapa ndipo eneo hili lina upekee wake. Ikweta ya sumaku haifuati ikweta ya ramani. Katika Afrika Mashariki hupita Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Mchana, chaji za ionosfera hunyanyuliwa juu ya mstari huo kisha hushuka kando, zikijazana katika mikanda miwili yapata nyuzi 15 kaskazini na kusini mwake. Nyumba ya Mungu iko karibu kabisa na mkanda wa kusini. Kwa hiyo mawimbi ya setilaiti za GPS hupita hapa katika ionosfera nene kuliko ya Ulaya, na kucheleweshwa zaidi.

Baada ya Jua kuzama, hasa karibu na Machi na Septemba, mapovu yenye chaji chache huchomoza ndani ya mikanda hiyo, na mawimbi yakipita humo hucheza kama taa inayopepesa. Mapovu haya huja hata bila mlipuko wowote. Dhoruba ya sumaku inaweza kuyazidisha, na wakati mwingine kuyazuia kabisa. Simu ya mkononi itakosea mita chache, na mwenye simu hatajua. Mpima ardhi aliyechelewa kazini na kipokezi chake cha kupima kwa sentimita ndiye atakayeona mashine inakataa kutulia. Kituo cha kupokea GPS kilichoko Malindi, Kenya, karibu latitudo ileile, kimewapa watafiti wa ionosfera takwimu za miaka mingi.

Gridi ya umeme. Picha inayopendwa ni ya Quebec, tarehe 13 Machi 1989: dhoruba ya sumaku ilisukuma mikondo ardhini, mikondo ikapanda kwenye transfoma kupitia waya za athi, na gridi ikaanguka ndani ya takriban sekunde 90. Watu milioni 6 walikaa gizani kwa saa 9 hivi. Quebec iko karibu na ncha ya sumaku na juu ya mwamba usiopitisha umeme vizuri. Hata Afrika Kusini haikusalimika: baada ya dhoruba za Oktoba na Novemba 2003, transfoma kadhaa za Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, ziliharibika.

Kituo cha Nyumba ya Mungu, kilichoanza mwaka 1968, hufua megawati 8 kwa maji ya Kikuletwa na Ruvu. Laini kubwa ya ukanda huo, ya kilovolti 132 kutoka Hale kupitia Same hadi Kiyungi, haifiki kilomita 300. Kwa latitudo hii na urefu huo, mikondo ya dhoruba ni midogo. Kina cha maji bwawani kinaamua umeme wa Upare kuliko chochote kinachotoka kwenye Jua. La kuangaliwa zaidi ni laini mpya za kilovolti 400, kama ile ya takriban kilomita 500 kati ya Isinya, Kenya, na Singida, kwa sababu waya mrefu hukusanya mkondo mwingi zaidi.

Wenye sola juu ya bati nao hawana la kuhofia. Eksirei za mlipuko huishia juu angani, na mwanga unaofika kwenye paneli haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana.

Mei 2024. Usiku wa Ijumaa tarehe 10 Mei 2024 dunia ilipata dhoruba ya sumaku ya daraja la juu kabisa, G5, ya kwanza tangu 2003. Huko Marekani matrekta yanayoongozwa na GPS yalipotea mistari shambani. Jumapili tarehe 12 intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Kufuatana kwa matukio hayo kunaweza kumshawishi mtu ayaunganishe, lakini chanzo cha Jumapili kilikuwa kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom.

Tahadhari. Mlipuko wenyewe hauwezi kutangulizwa na habari, maana habari yake na eksirei zake hufika pamoja. Wingu la utegili hutoa nafasi: setilaiti zilizoko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani hulipima na kutoa ilani ya kati ya dakika 15 na saa moja. Barani Afrika, kituo cha hali ya anga za juu cha shirika la SANSA huko Hermanus, Afrika Kusini, hufanya kazi saa 24.

Madoa ya Jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, na mzunguko wa sasa, wa 25, ulifika kileleni mwaka 2024. Kushuka kwake hakuondoi milipuko mikubwa: ile ya 2003 ilikuja zaidi ya mwaka mmoja baada ya kilele chake, na ya 2017 zaidi ya miaka mitatu baada ya kilele cha Aprili 2014.