Kusubu, na kalibu yenye maana mbili

Ukipita karakana za Unga Limited, kata ya Arusha iliyopata jina kwa kiwanda cha unga, utasikia vitenzi viwili kutwa nzima: kuchonga na kuchomelea. Spea inachongwa, geti linachomelewa. Je, fundi anayegeuza pistoni chakavu kuwa sufuria anafanya nini? "Anayeyusha," utaambiwa. Mbona samli nayo huyeyushwa, na sufuria haitoki?

Neno lipo kamusini: kusubu, yaani kumimina madini yaliyoyeyuka ndani ya umbo hadi yagande. Asili yake ni Kiarabu, sabba, kumimina. Wasomaji wa Biblia wanalijua, maana sanamu za kusubu zinatajwa humo sambamba na za kuchonga. Mfasiri aliona tofauti ambayo sisi wa karakana tumeiacha ipotee.

Kalibu ndiyo yenye matata. Katika Kiarabu ni umbo la kumiminia, na Kiswahili kiliipokea kwa maana hiyo. Lakini fungua Mithali 17:3: kalibu ya humo ni ya kusafishia fedha, chombo cha motoni. Sasa mwambie kijana, "Weka alumini kwenye kalibu." Aiweke wapi, motoni au mchangani? Aliyeshika koleo lenye uji wa nyuzi 700 hapaswi kubahatisha maana. Mimi naamua hivi: kalibu ni umbo la mchanga, kinachokaa motoni kiitwe chungu, hata kiwe cha chuma.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, wakati chuma kinadai zaidi ya 1,500. Ndiyo maana jiko la mkaa na feni vinatosha uani. Nilijaribu nyumbani, upande wa Tengeru, kusubu puli ya mashine ya kukoboa. Nilichekecha mchanga mweusi wa mto, nikauchanganya na udongo wa mfinyanzi na maji kidogo, nikaushindilia kuzunguka kielelezo cha mbao. Mchanga hupimwa mkononi: finya konzi moja, uvunje katikati. Ukikatika bila kumeguka, uko tayari. Ukiacha maji kiganjani, usimimine.

Siku ya kwanza nilimimina. Maji yaligeuka mvuke, kalibu ikatema, na tone moja likatoboa buti langu. Puli yenyewe ilijaa vitundu kama andazi.

Ya pili ilitoka safi, ila ndogo: alumini ikipoa hupungua takriban milimita 13 kwa kila mita, nami nilikuwa nimechonga kielelezo kwa kipimo kilekile cha puli ya zamani, milimita 100. Ya tatu nilikichonga kwa milimita 103, ili kufidia kunywea na kubakiza nyama ya kupeleka kwa mwenye leti. Hapo ndipo kuchonga kunapoingia, baada ya kusubu.