Chama cha Mafundi Umeme wa St. Louis: Undugu na Mipaka Yake

Historia ya umeme, kama inavyofundishwa katika shule zetu, aghalabu ni historia ya wavumbuzi. Mwanafunzi hujifunza habari za Edison na taa yake ya mwaka 1879, na kituo alichokifungua mjini New York mwaka 1882. Kisha kitabu hufungwa. Ni nani waliopanda nguzo wakafunga nyaya zile? Walilipwa nini, na wangapi walirejea nyumbani wazima? Maswali hayo hayaulizwi sana. Katika makala haya twapenda kuyajibu kwa kutazama chama kimoja kilichoanzishwa na mafundi wa mji wa St. Louis, katika jimbo la Missouri nchini Marekani. Chama hicho kingali hai hata leo, na historia yake ina mengi ya kusifiwa na mengi ya kusikitikiwa.

Mwaka 1890 palifanyika maonyesho makubwa mjini St. Louis, na miongoni mwa vivutio vyake yalikuwamo maajabu ya umeme. Mafundi waliitwa kutoka pande nyingi za nchi ili watandaze nyaya katika majumba ya maonyesho. Jioni, baada ya kazi, walikusanyika na kuzungumza, na kila mmoja alipoeleza hali ya kwao, ilionekana kwamba hadithi ilikuwa moja. Mpanda nguzo alifanya kazi saa 12 kwa siku, siku 7 kwa juma, kwa ujira wa senti 15 hadi 20 kwa saa. Fundi wa nyaya za majumbani aliyepata dola mbili na nusu kwa siku alihesabiwa kuwa mwenye bahati. Hapakuwa na mafunzo ya uanagenzi, wala kanuni za usalama. Kumbukumbu za chama zasimulia kwamba katika baadhi ya sehemu, mmoja katika kila wapanda nguzo wawili walioajiriwa alikufa kazini.

Hatuna budi kueleza sababu ya vifo hivyo. Umeme ulikuwa kitu kigeni, na makampuni yalikuwa yakishindana kutandaza nyaya upesi. Mtu aliyetoka shambani jana aliweza kupandishwa nguzo leo, bila ya glavu za mpira na bila ya mtu wa kumwonyesha waya upi wauma na upi hauumi. Uanagenzi, yaani utaratibu wa kijana kujifunza kazi chini ya fundi kwa miaka kadhaa, ulikuwa suala la uhai na mauti.

Basi mafundi hao waliunda chama chao kidogo, wakapewa hati na Shirikisho la Wafanyakazi la Marekani kwa nambari 5221. Mwenyekiti wao alikuwa Henry Miller, mpanda nguzo aliyezaliwa Texas mwaka 1858. Mara moja walitambua kwamba chama cha mji mmoja hakina nguvu: mwajiri akigomewa St. Louis ataleta mafundi kutoka Chicago. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo Miller alichukua kisanduku chake cha vifaa, akadandia magari moshi ya mizigo, akaenda mji baada ya mji. Popote alipofika alitafuta kazi kwanza, ndipo akawakusanya wenzake na kuanzisha tawi.

Matunda ya safari hizo yalionekana Novemba 1891, wajumbe 10 walipokutana St. Louis, katika chumba kidogo juu ya ukumbi wa dansi. Waliwawakilisha wanachama 286 tu. Hata hivyo waliandika katiba, wakachagua nembo ya ngumi iliyoshika radi, wakamfanya Miller kuwa rais na J. T. Kelly kuwa katibu. Chama walikiita Undugu wa Taifa wa Wafanyakazi wa Umeme. Chama cha St. Louis kikawa tawi lake nambari 1, na mwaka 1893 gazeti la chama lilianza kuchapishwa mjini humo. Mwaka 1899, matawi ya Kanada yalipoanza kuingia, neno Taifa liliondolewa na badala yake likawekwa Kimataifa.

Miller mwenyewe hakuyaona hayo. Mwaka 1896, akiwa kazini juu ya nguzo mjini Washington, alinaswa na umeme, akaanguka na kufa. Alikuwa na umri wa miaka 38. Hatari aliyoipigania maisha yake yote ndiyo iliyomwua.

Lau tungekomea hapo, tungekuwa tumeandika tenzi ya sifa, si historia. Chama kilipopata nguvu kilidhibiti milango miwili: mlango wa uanagenzi, na mlango wa orodha ya watu wanaopelekwa kwa wakandarasi kazi inapotokea. Milango hiyo ilijengwa ili kuzuia ujira wa chini na mafundi wasiofunzwa. Lakini mlango unaomzuia mjinga waweza pia kumzuia jirani. Mjini St. Louis Wamarekani Weusi walikuwa wengi, nao walilipa kodi iliyojenga majengo ya umma. Hata hivyo, kazi ya ufundi umeme iliyosimamiwa na tawi nambari 1 ilikuwa ya wazungu.

Jambo hilo lilifichuka wakati lilipojengwa Tao la St. Louis, mnara wa chuma wenye kimo cha mita 192 kando ya mto Mississippi. Tarehe 14 Julai 1964, Percy Green, kijana Mweusi, na Richard Daly, mzungu, walipanda ngazi ya mnara ambao ulikuwa haujamalizika, wakakaa juu kwa muda wa saa kadhaa kupinga ubaguzi wa ajira. Januari 1966 kampuni ya mabomba ya Mmarekani Mweusi ilipopewa kazi hapo, wafanyakazi wa vyama vikubwa waliacha kazi. Mwezi uliofuata serikali ilivishtaki vyama kadhaa vya ujenzi vya mji huo kwa kutumia Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, na tawi nambari 1 lilikuwa miongoni mwao.

Hakimu wa kwanza aliwapa vyama ushindi. Lakini mwaka 1969 mahakama ya rufani iliipindua hukumu hiyo. Hoja yake yafaa kuzingatiwa. Vyama vilidai kwamba sasa kanuni zao ni sawa kwa wote, kwani hutanguliza mwenye uzoefu zaidi. Mahakama ikajibu kwamba ikiwa jana ulimnyima mtu nafasi ya kupata uzoefu, leo huwezi kumnyima kazi kwa kuwa hana uzoefu. Vyama viliamriwa kurekebisha utaratibu wa kugawa kazi na kuzitangaza nafasi za uanagenzi kwa watu Weusi.

Kwa sisi walimu wa Kiswahili, jina la chama hiki lina funzo. Neno la Kiingereza walilolichagua mwaka 1891 lamtaja ndugu wa kiume pekee. Tunapolifasiri kwa neno undugu tunalipa upana ambao halikuwa nao, maana ndugu kwetu ni wa kike na wa kiume, na wa ukoo wa karibu na wa mbali. Mwanafunzi wa darasa la tafsiri aulizwe: je, neno hilo latosha kwa chama kama kilivyokuwa mwaka 1891, au kwa chama kama kilivyolazimishwa kuwa mwaka 1969? Akilijibu swali hilo sawasawa, atakuwa amejifunza lugha na historia kwa pamoja.