Maadili ya akili unde katika ustawi wa jamii

Maadili haya ni kanuni zinazomwongoza afisa ustawi wa jamii anapotumia programu za kompyuta kupima hatari inayomkabili mtoto, kuandaa taarifa ya shauri au kupendekeza nani asaidiwe kwanza. Msingi wake si mgeni. Utu, siri ya mteja, ridhaa na uwajibikaji vimo katika Tamko la Kimataifa la maadili ya taaluma hii lililopitishwa Dublin mwaka 2018. Kilicho kigeni ni kwamba sasa kuna mshauri asiyeweza kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Mfano mmoja uliojadiliwa sana unatoka wilaya ya Allegheny, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Tangu Agosti 2016, mtu akipiga simu kuripoti kwamba mtoto anatelekezwa, programu hupekua kumbukumbu za serikali kuhusu familia hiyo: vifungo vya jela, matibabu ya akili na ya ulevi. Kisha hutoa alama kati ya 1 na 20, ikikadiria uwezekano wa mtoto kuja kuondolewa nyumbani. Mpokea simu ndiye anayeamua kama familia ichunguzwe, ingawa alama zikiwa za juu sana uchunguzi hufanywa, isipokuwa msimamizi akiuzuia. Afisa anayekwenda kubisha hodi haoneshwi alama hiyo, asije akaingia na hukumu mkononi. Huo ni uangalifu wa kupongezwa.

Hata hivyo tatizo liko kwenye kumbukumbu zenyewe. Mtafiti Virginia Eubanks, katika kitabu chake cha mwaka 2018, alionesha kwamba familia inayotegemea huduma za umma huacha nyayo kila ofisi inayopita, ilhali mzazi mlevi anayetibiwa kwa daktari wa binafsi haonekani kabisa. Kwa maoni yake, programu inadai kupima hatari, lakini kwa kiasi kikubwa inapima umaskini. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walibaini kwamba wapokea simu, kwa kutokubali kila alama, walipunguza pengo la kuchunguzwa kati ya watoto weusi na weupe ambalo lingekuwa kubwa zaidi kama programu ingeachiwa iamue peke yake. Mwaka huohuo jimbo la Oregon liliacha kutumia programu ya aina hiyo.

Programu zinazotunga maandishi zimeleta kesi nyingine. Katika jimbo la Victoria, Australia, afisa wa ulinzi wa mtoto alitumia ChatGPT kuandaa taarifa ya mahakama, akiingiza humo habari za siri za familia. Taarifa ilimtaja mwanasesere wa mtoto kama dalili ya malezi mema, kwamba wazazi wanampatia vitu vya kuchezea vinavyolingana na umri wake. Kumbe ilikuwa imeripotiwa kwamba mwanasesere huyo alitumiwa na baba kwa vitendo vya ngono. Sentensi fasaha na iliyonyooka ya namna hiyo hupita kwa urahisi. Kamishna wa taarifa wa jimbo hilo aliona kwamba kosa halikubadili uamuzi juu ya mtoto, lakini mwaka 2024 aliiagiza idara ya afisa huyo iwazuie maafisa wake kutumia programu hizo.

Kwa afisa wa Afrika Mashariki, funzo la Victoria liko karibu kuliko la Allegheny. Hahitaji mfumo wa serikali. Simu yake ya mkononi inatosha kutoa siri ya mteja nje ya nchi kwa dakika moja. Kufuta jina pekee hakutoshi, maana kijiji, umri na kisa chenyewe humtambulisha mtu.

Sheria za kumlinda mteja zipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nchini Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotegemea mashine peke yake. Pale sheria inaporuhusu uamuzi wa namna hiyo, mhusika sharti aarifiwe kwa maandishi, naye anaweza kudai ufikiriwe upya.