Kiambishi cha Nafsi ya Tatu katika Kiingereza: Maandishi na Matamshi

Kiswahili huonyesha nafsi mwanzoni mwa kitenzi: ninasoma, unasoma, anasoma. Kiingereza kimepoteza karibu viambishi vyake vyote vya nafsi. Katika vitenzi vya kawaida vya wakati uliopo kimebakiwa na kimoja tu, nacho hukaa mwishoni: "s" ya nafsi ya tatu umoja. Historia ya herufi hiyo ina funzo kwa kila ashughulikiaye usanifishaji wa lugha.

Hapo kale Waingereza wa kusini walitumia kiambishi "-eth", ambacho konsonanti yake ni kama ile ya neno letu "thelathini". Watu wa kaskazini, huko Northumbria, walikwisha kutumia "-es" katika karne ya 10, kama ishuhudiavyo tafsiri iliyoandikwa baina ya mistari ya Injili za Lindisfarne. Umbo hilo la kaskazini liliteremka polepole, na katika karne ya 16 likaota mizizi London. Shakespeare alitumia yote mawili, mara nyingine kwa kufuata mizani. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, kwa upande wake, ilishikilia "-eth".

Je, ndivyo watu walivyosema? La hasha. Mwaka 1643 mwalimu Richard Hodges alieleza kwamba walioandika "leadeth" kwa kawaida walitamka "leads". Jicho lilisoma silabi mbili, ulimi ukatoa moja.

Wala "s" yenyewe haina sauti moja. Baada ya sauti zisizo ghuna hutamkwa s, kama katika "writes". Baada ya sauti ghuna huwa z, kama katika "reads". Na baada ya sauti kama s, z, sh, ch na j hutanguliwa na irabu, kama katika "teaches". Mwanafunzi wetu anayeiamini herufi peke yake hana budi kukosea.

Kiswahili Sanifu kilipata msingi wake katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulipochaguliwa Kiunguja. Kiambishi cha Kiingereza hakikuchaguliwa na mkutano wowote. Kilichaguliwa na vinywa vya wasemaji, kalamu ikafuata nyuma. Kwa hiyo mwenye kuunda istilahi hana budi kuwasikiliza kwanza watumiaji wake. Asipofanya hivyo, huenda akahifadhi kitabuni "leadeth" yake mwenyewe, neno liandikwalo na wengi lakini lisilotamkwa na mtu.