Fosforasi Iliyofungwa Ndani ya Punje

Kusini mwa Uholanzi, na hususan katika jimbo la Brabant, ambako ardhi ni ya mchanga hafifu, ufugaji wa nguruwe ulistawi baada ya Vita Kuu ya Pili hata ukapita kiasi kinachohimiliwa na ardhi yenyewe. Maana chakula cha wanyama wale aghalabu kililetwa kwa meli hadi bandari ya Rotterdam, muhogo mkavu kutoka Thailand na soya kutoka Marekani, nayo samadi ikabaki pale pale.

Samadi ile ilijaa fosforasi, na sababu yake ni ya kustaajabisha. Nafaka na soya zina fosforasi tele, lakini takriban theluthi mbili yake imefungamana katika kampaundi iitwayo fitati, ambayo hushika pia kalsiamu na zinki. Na nguruwe, mithili ya maskini aliyerithi kasha la dhahabu bila ya ufunguo, hana tumboni mwake kimeng'enya cha fitasi cha kutosha kuifungua. Kwa hiyo mfugaji alinunua fosfeti ya machimboni ili mifupa ya nguruwe wanaokua isilegee, ilhali ile ya nafaka ilipita bure, ikajaza udongo na kuteremka mitoni.

Elimu ya fitasi haikuwa ngeni: Wajapani Suzuki, Yoshimura na Takaishi waliitambua katika pumba za mpunga mwaka 1907, na mwaka 1971 Nelson na wenzake, huko Marekani, walidhihirisha manufaa yake kwa vifaranga. Lakini kuitengeneza kulikuwa ghali na fosfeti ilikuwa rahisi, basi elimu ikakaa vitabuni.

Lililoitoa huko, naamini kwa dhati, ni sheria. Mwaka 1984 serikali ya Uholanzi ilizuia kupanuliwa kwa ufugaji wa nguruwe na kuku, na mwaka 1987 ikaweka mpaka wa fosfeti ya samadi itakayomwagwa shambani. Hapo ndipo kampuni ya Gist-brocades ya Delft, mabingwa wa hamira tangu karne ya 19, ilipoizalisha fitasi kwa wingi kutokana na kuvu. Mtafiti Simons na wenzake walitangaza mwaka 1990 kwamba nguruwe wanaokua, wakitiliwa fitasi, hufyonza fosforasi zaidi kwa asilimia 24, na ile ya kinyesini hupungua kwa asilimia 35. Mwaka uliofuata fitasi hiyo ikaingia sokoni.

Naitrojeni iliyomo pia katika samadi, hata hivyo, haikuguswa na dawa hiyo, na mwaka 1998 wafugaji wakaanza kulazimishwa kuweka hesabu ya madini yaingiayo na yatokayo mashambani mwao.