Walichora Mwambani Kondoa, Jina Hawakuacha

Watoto wa Kiwalani mawe wanayajua, ila kwa sura moja tu: lundo la kokoto mbele ya nyumba isiyokwisha. Mwambie mtoto wa miaka 5 kwamba kuna mtu alichora twiga mwambani, kitambo hicho Dar yenyewe haipo, atauliza hapo hapo: nani huyo?

Na jibu halipo.

Kule Kolo na sehemu nyingine za Kondoa, mkoani Dodoma, kuna zaidi ya maeneo 150 ya miamba yenye michoro. Watu warefu wembamba, nywele zimepambwa haswa, tembo, twiga. Ile myekundu ni ya wawindaji, myeupe ni ya wakulima waliokuja baadaye. Kazi hiyo ilienda kwa miaka isiyopungua 2,000. Mary Leakey alienda kuinakili mwaka 1951, UNESCO ikaiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Aliyenakili anajulikana. Aliyechora, hakuna anayemjua. Inauma kidogo, bana. Wataalamu huwahusisha wachoraji wa nyekundu na mababu wa Wasandawe na Wahadza, lakini hilo ni kabila, siyo mtu. Na siyo makumbusho tu pale, wenyeji bado wanaenda kutambikia mvua.

Sasa anayetaka kuwakalisha watoto wa mtaa Jumamosi asubuhi, hadithi anayo tayari. Aanze na mdako: kishimo, kokoto chache, moja inarushwa juu, nyingine zinakombwa kabla haijatua. Amwite bibi mmoja aonyeshe, watoto watabaki midomo wazi. Ndipo aite "hadithi hadithi", awapeleke Kolo. Ndege ikipita kuelekea uwanjani anyamaze kwanza, hawezi kushindana nayo.

Kwenye kuchora, mawe yawe makubwa kuliko ngumi ya mtoto, maana wadogo kila kitu mdomoni. Yaoshwe jana yake, yakauke juani. Nyekundu ni udongo mwekundu uliochekechwa, maji kidogo na gundi ya karatasi. Nyeusi, mkaa wa jikoni. Nyeupe, chaki iliyosagwa. Chokaa ya ukutani hapana kabisa, inaunguza macho. Brashi za nini? Wale wa rangi nyeupe walitumia vidole.

Jiwe likikauka ligeuzwe, chini liandikwe jina la mtoto na mwaka. Asiyejua kuandika aandikiwe.